Makataa na Tendo la Mwisho: Namna ya Kukamilisha Tamthilia Fupi kwa Wakati

UTANGULIZI

Mwaliko wa kuwasilisha miswada ya tamthilia fupi huwa na masharti matatu: mada, urefu na makataa. Mada haimtishi mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa mambo ya kuandikia yamemzunguka. Urefu nao huuona kuwa nafuu. Makataa ndiyo humtoa jasho. Siku zinapobaki tatu au nne, mswada huwa na maonyesho mawili yaliyokamilika, la tatu limeanza, na mwandishi bado hajui mhusika wake mkuu ataishia wapi. Wengi wakifika hapo huufunga mswada na kujiahidi kuuwasilisha mwaka ujao. Mwaka ujao ukifika, mswada huwa umekwisha kumchosha mwenyewe.

Hasara hii haimpati mwandishi peke yake. Diwani za hadithi fupi tumezisoma shuleni moja baada ya nyingine: Mayai Waziri wa Maradhi, Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba. Ni nani miongoni mwetu awezaye kutaja upesi diwani tatu za tamthilia fupi za Kiswahili? Pengo hilo halitokani na uhaba wa vipawa. Kwa kiasi kikubwa linatokana na miswada iliyoachwa njiani, na miswada hiyo mingi imo mikononi mwa watu wa rika letu.

Makala haya yananuia kueleza namna mswada wa tamthilia fupi unavyoweza kukamilishwa katika siku chache zinazotangulia makataa. Hoja kuu ni kwamba tamthilia fupi haikamilishwi kwa kuongezwa kurasa. Hukamilika pale mwandishi anapoteua tendo la mwisho, kisha akalifanya kila neno lililotangulia lilitumikie tendo hilo.

MAKATAA KATIKA HISTORIA YA TAMTHILIA

Wapo wanaoamini kwamba kazi bora ya sanaa haiandikwi kwa kufuata kalenda. Hao hutukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini tamthilia ni utanzu wenye tabia ya kipekee. Riwaya yaweza kumngoja mwandishi wake miaka kumi bila kumuudhi mtu. Tamthilia hungojewa na waigizaji, mwelekezi, mshonaji wa maleba na hadhira iliyokwisha kutangaziwa siku. Kwa hivyo tarehe ni sehemu ya mazingira ya kuzaliwa kwake.

Historia ya eneo letu inalithibitisha jambo hili. Katika miaka ya 1950, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance, iliyokuwa chini ya uongozi wa Carey Francis, walikuwa wakitunga na kuigiza michezo ya Kiswahili. Miongoni mwao alikuwa Henry Kuria, ambaye mchezo wake Nakupenda Lakini... uliigizwa shuleni humo mwaka wa 1954 na kuchapishwa mwaka wa 1957. Mwaka huo huo wa 1957 ilichapishwa pia michezo mifupi ya Graham Hyslop, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Kuria hakuwa mwandishi mashuhuri aliyeombwa kazi na mchapishaji. Alikuwa mwanafunzi, na mchezo wake ulikuwa na jukwaa lililoungoja.

Tukivuka mpaka hadi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, twamkuta Ngugi wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, akiandika tamthilia za onyesho moja kwa ajili ya mashindano baina ya mabweni ya chuo. The Rebels na The Wound in the Heart zilitokana na mashindano hayo, na baadaye zikachapishwa pamoja na This Time Tomorrow mwaka wa 1970. Tamthilia yake ndefu The Black Hermit nayo iliandikwa kwa ajili ya sherehe za uhuru wa Uganda wa mwaka wa 1962. Mwandishi yeyote aweza kuomba muda zaidi kwa mhariri, ila siku ya uhuru wa nchi haisogezwi.

Mifano hii miwili ina funzo la ziada kwetu. Mashindano ya Makerere yalikuwa ya Kiingereza, nayo yakazaa tamthilia za Kiingereza. Michezo ya Alliance iliigizwa kwa Kiswahili, ikazaa tamthilia za Kiswahili. Mahali palipo na jukwaa, lugha na tarehe, matini huzaliwa kwa lugha hiyo. Chama cha Kiswahili kinapotoa mwaliko na kuweka makataa, kinafanya kazi ya mkunga. Mwanachama anayeyaacha makataa yapite anailetea lugha hasara, hata kama mswada wake bado umo katika tarakilishi.

KWA NINI TAMTHILIA FUPI HUKWAMA

Tamthilia tulizozichambua kwa makini zaidi shuleni ni ndefu. Mwanafunzi aliyetahiniwa katika Kigogo ya Pauline Kea au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege amezoea kufuatilia msuko unaopitia maonyesho mengi, wahusika wanaofunuliwa hatua kwa hatua, na migogoro midogo inayoulisha mgogoro mkuu. Maarifa hayo yana thamani kubwa. Tatizo huzuka anapoyachukua yalivyo na kutaka kuyatia katika kurasa kumi na mbili.

Matokeo yake yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kusoma miswada ya wanafunzi wenzake. Onyesho la kwanza humtambulisha mhusika mkuu akiwa nyumbani. La pili humpeleka mjini. La tatu humkutanisha na rafiki anayemweleza mambo ambayo hadhira imekwisha kuyaona. Mgogoro wenyewe huanza ukurasa wa kumi, na makataa huwa kesho. Mwandishi hulalamika kwamba hana muda, ilhali kilichompungukia ni umbo.

Tamthilia fupi huanza karibu na kilele chake. Aghalabu hutumia mandhari moja, muda mmoja usiokatika na wahusika wasiozidi watano. Swali lake kuu ni moja. Katika Poetics, Aristotle aliitaka tanzia iwe mwigo wa tendo moja lililo kamili, lenye mwanzo, kati na mwisho. Kuhusu tamthilia ndefu twaweza kujadiliana naye, na wengi wamejadiliana naye. Kuhusu tamthilia fupi, kurasa zenyewe hazituachii nafasi ya ubishi.

KUTEUA TENDO LA MWISHO

Mwandishi aliyebakiwa na siku tatu asianze kwa kuendelea pale alipoachia. Aufunge mswada, achukue karatasi tupu na kujibu maswali manne. Nani anataka kitu? Anataka nini? Nani au nini kinamzuia? Taa zinapozimika, hadhira itakuwa inamwona nani akifanya nini?

Swali la nne ndilo zito, na jibu lake sharti liwe tendo linaloonekana. “Anatambua umuhimu wa elimu” si tendo. “Anarudisha funguo mezani na kutoka bila viatu” ni tendo. Mwigizaji hawezi kuigiza utambuzi, lakini anaweza kurudisha funguo, na hadhira ikautambua utambuzi huo yenyewe.

Asiyelijibu swali hili mapema huokolewa na mojawapo ya miisho minne ya kukopa. Wa kwanza ni kifo cha ghafla, hasa cha ajali ya barabarani inayotokea nje ya jukwaa. Wa pili ni ndoto: mhusika anaamka na yote yaliyopita yanafutika. Wa tatu ni polisi wanaoingia na pingu wakati ambapo hakuna aliyewaita. Wa nne, ambao sisi wanafunzi wa fasihi tunaupenda mno, ni hotuba: mhusika anaikabili hadhira na kuitajia maudhui. Si kwamba kifo, ndoto, polisi na hotuba havina nafasi katika tamthilia. Kasoro ni kwamba katika hali hii vimeletwa na saa wala havikuletwa na mgogoro. Njia rahisi ya kuupima mwisho ni kuuliza iwapo ungeweza kubandikwa kwenye tamthilia nyingine yoyote bila kubadilishwa. Ukiweza, huo ni wa kukopa.

MFANO: TAMTHILIA YA “RISITI”

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi ana mswada kuhusu mama mmoja, Mama Wafula, ambaye cheti cha mwanawe kimezuiliwa shuleni kwa sababu ya salio la karo. Mswada una wahusika tisa na maonyesho matano: nyumbani, sokoni ng'ombe anapouzwa, katika matatu, ofisini kwa karani, na nyumbani tena. Maonyesho matatu yameandikwa. Makataa ni siku tatu zijazo.

Maswali ya mwanzo yanajibika upesi. Mama anataka cheti. Karani anamzuia, na nyuma ya karani kuna utaratibu wa ofisi. Swali la nne linahitaji usiku mzima. Mwalimu mkuu akiingia na kuingiwa na huruma, huo ni mwisho wa kukopa. Mama akihutubu kuhusu haki ya mtoto wa maskini, huo pia ni wa kukopa. Ni nini basi kilicho cha mama huyu peke yake? Ameuza ng'ombe, na fedha bado hazikutosha. Mkononi amebaki na kamba ya ng'ombe. Anaitoa kiondoni na kuiweka juu ya meza ya karani iwe rehani ya salio. Karani anafungua kitabu cha risiti, anashika kalamu, anaitazama kamba, kisha anauliza: “Niandike nini?” Taa zinazimika.

Tendo hilo likishateuliwa, mswada huanza kujipanga wenyewe kurudi nyuma. Kitabu cha risiti hakiwezi kuonekana mara ya kwanza mwishoni, kwa hivyo mapema karani amwambie mama, kwa fahari kidogo, kwamba ofisi hiyo haipokei kitu bila risiti. Kamba nayo ionekane mama anapoingia, ikichungulia kiondoni, na karani aifanyie mzaha. Sasa hadhira itakapomwona akishika kalamu, itajua kwamba ametegwa na sheria yake mwenyewe. Kinaya hicho hakikuhitaji hata sentensi moja ya maelezo.

Tazama pia yale ambayo hayahitajiki tena. Soko halihitajiki, kwa sababu kamba inasimulia mauzo. Matatu haihitajiki. Wahusika watano wanaondoka. Maonyesho matano yanakuwa moja, ofisini, asubuhi moja. Mwandishi aliyedhani amebakiwa na maonyesho mawili ya kuandika anagundua kwamba amebakiwa na kurasa nne, na kwamba anajua zinaelekea wapi.

KUPUNGUZA MAZUNGUMZO

Siku ya pili ni ya kupunguza. Kazi hii huuma, hasa pale penye sentensi tamu. Kanuni ni kwamba wahusika hawaambiani mambo ambayo wote wawili wanayajua kwa faida ya hadhira. Katika mswada wa awali, Mama Wafula angeweza kusema hivi:

MAMA WAFULA: Bwana Karani, kama unavyojua, mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia mzigo mkubwa wa karo, ndipo nikalazimika kumuuza ng'ombe wetu wa pekee ili mwanangu apate cheti chake.

Baada ya kupunguzwa:

KARANI: Si mngeuza ng'ombe mwingine?
MAMA WAFULA: Alikuwa mmoja.

Maneno yamepungua na uzito umeongezeka, kwa sababu hadhira imeachiwa kazi ya kujumlisha. Vilevile, karani na mama sasa wana sauti mbili tofauti: mmoja huuliza kwa wepesi wa asiyepungukiwa, mwingine hujibu kwa uchache wa maneno. Mwandishi azibe majina ya wasemaji kwa karatasi na kujaribu kuwatambua kwa usemi wao. Wakifanana wote, basi wote wanasema kwa sauti ya mwandishi, na mara nyingi hiyo ni sauti ya insha.

Jambo jingine ni usanifu wa lugha. Sisi tunaosomea Kiswahili huogopa kumpa mhusika lugha isiyo sanifu, tukihofia waamuzi. Karani wa shule na mama wa kijijini hawazungumzi kama wahadhiri. Usanifu utunzwe katika maelekezo ya jukwaani. Mazungumzo yafuate rika, kazi na makao ya msemaji, ili mradi msomaji asiachwe gizani.

KUSOMA KWA SAUTI

Mswada ambao haujasomwa kwa sauti haujakamilika. Jioni ya siku ya pili, mwandishi awakusanye wenzake watatu au wanne, awagawie sehemu, naye asikilize bila kusoma wala kueleza. Awe na saa na kalamu. Saa itamwambia iwapo ametimiza masharti ya muda, kwani idadi ya kurasa hudanganya: ukurasa wa majibizano mafupi hupita upesi, ilhali ukurasa wenye kimya na matendo huchukua muda mrefu. Kalamu ni ya kutia alama pale msomaji anapokwama, anaporudia neno, au anapocheka pasipokusudiwa.

Wenzake wakimaliza, asiwaulize kama imewapendeza. Adabu itawafanya waseme ndiyo. Awaombe wamsimulie kilichotokea. Wakisimulia tendo lile lile alilolikusudia, mswada umesimama. Wakitofautiana kuhusu aliyetaka kitu na alichokitaka, ajue pa kwenda kurekebisha usiku huo.

MAELEKEZO YA JUKWAANI NA SURA YA MSWADA

Asubuhi ya siku ya tatu ni ya mambo ambayo wengi huyaona madogo. Orodha ya wahusika itaje jina, umri wa kukadiria na uhusiano, si wasifu. Ikiwa sifa ya mhusika haionekani katika matendo yake, kuiandika katika orodha hakutaisaidia hadhira, kwa kuwa hadhira haiioni orodha. Maelekezo ya jukwaani yaandikwe kwa wakati uliopo na yataje yanayoweza kuonekana au kusikika tu. “Anakumbuka utoto wake” halimsaidii mwelekezi. “Anaigusa kamba” linamsaidia.

Mandhari nayo yafikiriwe kwa mujibu wa jukwaa tulilonalo. Michezo ya wanafunzi huigizwa katika kumbi za mihadhara na vyumba vya kulia chakula, penye meza, viti na swichi moja ya taa. Tamthilia inayohitaji mvua, mto na gari itamfanya mwelekezi aiweke kando hata kama ni nzuri. Meza, viti viwili, kitabu cha risiti na kamba hupatikana popote.

SIKU YA KUWASILISHA

Makataa yanayotajwa kuwa saa sita usiku yachukuliwe kuwa saa sita mchana. Umeme hupotea, intaneti hulegea, na duka la saiba hufungwa mapema siku ambayo unalihitaji zaidi. Kabla ya kutuma, mwandishi asome tena mwaliko wenyewe, si anavyoukumbuka, na kuhakikisha mambo haya: jina la faili ni lile lililoagizwa, jina la mwandishi limeondolewa kwenye kurasa ikiwa waamuzi wanasoma bila kuwajua waandishi, kurasa zina nambari, majina ya wahusika hayabadiliki tahajia kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kisha aifungue ile faili atakayoituma, wala si ile aliyoizoea, aitazame tangu mwanzo hadi mwisho, na kuituma.

Baada ya hapo ataona kasoro. Kila mwandishi huziona. Kasoro hizo ni kazi ya mazoezi ya jukwaani, ambako mwelekezi na waigizaji huendelea kuubadilisha mswada hadi usiku wa maonyesho, na hata baada yake. Mswada uliowasilishwa haujafungwa milele. Umeruhusiwa tu kuanza kufanyiwa kazi na watu wengine, na utanzu huu haukui kwa njia nyingine.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba makataa si adui wa tamthilia fupi. Tangu michezo ya Alliance hadi mashindano ya mabweni ya Makerere, tarehe iliyowekwa na jukwaa lililongoja vimewalazimu wanafunzi kufanya uamuzi ambao bila hivyo wangeuahirisha. Uamuzi huo ni wa tendo la mwisho. Ukishafanywa, kupunguza huwa rahisi, kusoma kwa sauti huwa na kipimo, na maelekezo ya jukwaani hujua yanachokitumikia.

Ebrahim Hussein aliipa mojawapo ya tamthilia zake fupi anwani ya Wakati Ukuta, akiitegemea methali inayotuonya tusipigane na wakati. Mwandishi wa tamthilia fupi hahitaji kupigana nao. Ukuta pia ni kitu cha kuegemea: unaonyesha chumba kinapoishia, na meza iwekwe wapi. Mwenye mswada sandukuni na autoe leo, aandike juu ya karatasi tupu kile ambacho hadhira itakiona taa zinapozimika, na aanzie hapo kurudi nyuma. Siku tatu zinatosha.